Usimfunike Mtoto

Wiki mbili kabla ya Krismasi ya mwaka tisini na nne, Mzee Pankras wa Litembo alimwita sebuleni mwanawe Tobias pamoja na mkwewe, Vitalia, akawaambia kwamba siku ya sikukuu mtoto wao atakaa chumba cha nyuma, mlango umefungwa.

"Nitakuwa na mgeni," alisema. "Mnunuzi wa kahawa. Sasa watu binafsi wameruhusiwa kununua, na huyu anatafuta wakala hapa kwetu. Sitaki ale chakula changu huku anatazama..." Hakumaliza. Aligusa mdomo wake wa juu kwa kidole.

Mtoto alikuwa na miezi minne. Alizaliwa mdomo wa juu umepasuka upande wa kushoto mpaka karibu na tundu la pua. Sista wa hospitali alimwambia Vitalia siku ileile kwamba hiyo si laana wala kosa la mtu, na kwamba mtoto akishapata uzito wa kutosha atashonwa. Akamfundisha kumnyonyesha akiwa amemwinua kifuani, na kumnywesha maziwa kwa kijiko pale anapochoka kunyonya. Mtoto akanenepa mashavu. Lakini katika nyumba ya Mzee Pankras walimwita "huyo mdogo" tu. Ubatizo ulikuwa umeahirishwa mara mbili, "mpaka atengenezwe". Kila Vitalia alipotoka kwenda shambani, mama mkwe alimfuata hadi mlangoni na kitenge, akamfunika mtoto uso.

"Nimesikia, Baba," Vitalia alijibu. "Basi siku hiyo hatutakuwepo. Tutakwenda Likoma kwa mama yangu."

Likoma ni kisiwa cha Malawi, ng'ambo ya ziwa. Baba yake Vitalia alikuwa mvuvi wa Liuli, ufukwe wa huku. Alipofariki, mkewe Ephrasia akarudi kisiwani kwa ndugu zake. Vitalia hakuwa amemwona mama yake tangu aolewe.

Mama mkwe aliweka chini ungo wa maharage. "Nchi ya watu? Na mtoto mchanga, na mvua hizi?"

"Ni nchi ya mama yangu, Mama."

"Tobias!" Mzee Pankras alimgeukia mwanawe. "Huyu ni mkeo au ni mwenyekiti wetu?"

Tobias aliangalia sakafu. Walipotoka nje, Vitalia alimwambia kwa sauti ya kawaida, "Ukitaka kubaki umhudumie mgeni, baki. Sitagombana nawe. Lakini mtoto wangu hafungiwi kama mbuzi aliyekula mahindi ya jirani."

Siku mbili Tobias alishinda shambani. Siku ya tatu aliteremka Mbinga kufuatilia hati za kusafiria, akarudi amelowa chapachapa, hati zimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. "Tutaondoka tarehe ishirini na moja," alisema, akaingia kubadili nguo.

Asubuhi ya safari walitembea kwa miguu, wakapata lori la mahindi hadi Mbinga, wakalala kwa rafiki wa Tobias. Kesho yake walipanda Landrova ya abiria inayoshuka Mbamba Bay. Kabla gari halijaondoka, Vitalia alikifungua kile kitenge alichofunikiwa mtoto, akakikunja na kukikalia.

Mama mmoja aliyebeba kikapu cha kuku alimtazama mtoto, akashika kifua. "Jamani! Kafanya nini huyu?"

"Hajafanya kitu. Amezaliwa."

"Mfunike basi, mama, atashikwa na baridi."

"Tunashuka ziwani. Huko hata kuku wako watavua manyoya."

Abiria wakacheka, na mama yule naye akacheka. Mbele, kwenye mteremko, Landrova ikazama kwenye tope, watu wote wakashuka kusukuma. Mama wa kuku ndiye aliyempokea mtoto wakati Vitalia anasukuma. Aliporudi, miguu imejaa tope jekundu, alimkuta yule mama akimwimbia mtoto kwa Kimatengo, na mtoto amemkodolea macho.

Boti la kwenda Likoma, walilopanda asubuhi iliyofuata, lilikuwa la mbao, lenye injini na turubai. Lilijaa watu waliokuwa wakienda sikukuu kwa ndugu zao, pamoja na magunia yao ya maharage ya Mbinga. Mtoto alilala. Tobias, mtu wa milimani, alitapika tangu Mbamba Bay ilipopotea nyuma yao. Kila aliponyanyua kichwa alisema, "Bado?" na Vitalia akamjibu, "Bado."

Walifika tarehe ishirini na tatu, jua limeinama kidogo. Ephrasia alikuwa ufukweni; alikuwa amepata habari kwa wavuvi. Aliingia majini na nguo zake, akipiga vigelegele, akampokea mjukuu kutoka botini. Ndipo akauona uso. Vigelegele vikakatika. Aliangaza huku na huku, kwa wanawake waliokuwa wakianika dagaa wa usipa, kwa watu wanaoteremsha mizigo, halafu kwa haraka akavua kilemba chake na kumfunika mtoto.

"Watu wanatazama, mwanangu," alinong'ona.

Katika safari yote Vitalia hakuwa amelia. Hapo machozi yalimtoka, amesimama maji yamefika magotini. Kwa watu wa Litembo alikuwa amejiandaa. Kwa hili hakujiandaa. Aliyafuta machozi kwa kiganja, akakiondoa kile kilemba taratibu, akakirudisha kichwani kwa mama yake.

"Mama, nguo ya namna hii nimeikimbia. Nimeshuka milima na kuvuka maji kwa ajili yake. Usinipokee nayo."

"Watasema ukoo wetu una laana."

"Waseme. Wakichoka watakwenda kupika."

Njiani kupanda nyumbani Ephrasia alimbeba mtoto yeye mwenyewe, uso wazi, akitembea haraka kuliko kawaida yake, na kila aliyesalimia alimjibu kwa ukali kabla hajaulizwa kitu.

Jioni ileile, baada ya kula ugali wa muhogo na samaki aina ya mbasa, Vitalia alisema anataka mtoto abatizwe kisiwani.

Tobias aliacha tonge hewani. "Kwa Waanglikana, sisi Wakatoliki? Baba atanifukuza."

"Kwenu wamekataa mara mbili. Wewe unadhani Mungu naye anasubiri ashonwe?"

Tobias alirudisha tonge sahanini. "Mimi sikukataa," alisema.

"Hukukubali pia."

Asubuhi walikwenda kwa padri. Aliwauliza maswali mengi, akamtazama mtoto bila kushtuka, akasema watoto kumi wanabatizwa Krismasi. Huyu atakuwa wa kumi na moja.

Siku ya Krismasi kanisa kubwa la mawe la kisiwani lilijaa hadi milangoni. Mama mmoja wa kanisa alikuwa akipanga wazazi kwenye mstari. Alipomfikia Vitalia alitoa kitambaa cheupe chenye lesi, kizuri sana. "Weka hiki usoni mpaka mfike kwenye maji. Si kwa ubaya, binti yangu. Ni kwa heshima ya sikukuu."

Vitalia alifungua mdomo kujibu, ila Tobias alimtangulia. Alimchukua mtoto mikononi mwa mkewe, akamweka kifuani uso ukielekea watu. "Ahsante, mama," alisema. "Heshima yake anayo tayari."

Akatembea. Hakuharakisha. Watu wa pembeni waliinuka kutazama, wengine wakaguna. Mtoto mmoja akauliza kitu kwa sauti kubwa, kwa Kinyanja, lugha ya pale, mama yake akamziba mdomo. Tobias hakugeuka mpaka alipofika mbele.

"Mtoto mnamwita nani?" padri aliuliza.

"Otilia," Vitalia alisema.

Tobias alishtuka akamtazama. Lilikuwa jina la mama yake, mama mkwe mwenye kitenge. Vitalia hakumtazama. Maji yalimwagwa, na Otilia akalia kwa sauti iliyojaa kanisa zima, mdomo wake umefunguka wote. Kutoka nyuma vigelegele vya Ephrasia vikaanza, peke yake kwanza, halafu wakaitikia wengine.

Walirudi Litembo baada ya mwaka mpya. Vitalia alipiga magoti mbele ya mama mkwe. "Shikamoo, Mama. Nimekuletea wajina wako. Ameshabatizwa."

Mama mkwe aliitikia marahaba, akaingia jikoni bila kumshika mtoto. Mzee Pankras alifoka mpaka majirani wakatoka nje. Tobias alisubiri amalize, kisha akasema, "Yamepita, Baba. Ukitaka tuhame, tutahama sote watatu." Mzee Pankras hakuwahamisha. Wiki tatu alizungumza nao kwa kupitia watu wengine.

Mwisho wa Januari yule mnunuzi wa kahawa alirudi kukamilisha mazungumzo ya uwakala. Mzee Pankras alimwashiria Vitalia kwa macho aingie ndani. Vitalia aliendelea kukaa barazani kwenye mkeka, akimnywesha Otilia maziwa kwa kijiko. Mgeni alikaa, akaona, akatazama muda kidogo. "Huyu anaitwa nani?" aliuliza.

Mzee Pankras alikuwa anakunja na kukunjua kofia yake. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai.

"Otilia," alisema. "Wajina wangu."

Mgeni akaitikia kwa kichwa, akaanza kuuliza habari za mashine za kukobolea kahawa, na mazungumzo yakaenda hadi mchana.

Mtoto alishonwa mwezi wa nane mwaka huohuo, akabaki na kovu jembamba. Kabla ya siku hiyo Vitalia alikwishamtembeza kote: gulioni, kliniki, mashambani, na kila Jumapili kanisani, benchi la tatu kutoka mbele. Wengine walihama benchi hilo. Vitalia alisogea kidogo, akakaa kwa nafasi.