Nukta ya Mtaa Wake

Kiyoyozi kilikuwa kimegoma tena siku ambayo mchoraji wa takwimu alianza kuijaribu ramani yake kwenye kioo kikubwa cha kugusa. Ilionyesha mji mzima, na kila nukta nyekundu ilikuwa mtu aliyefariki akisubiri gari la wagonjwa. Ukiigusa, kilitakiwa kufunguka kidirisha chenye umri, mtaa na muda aliosubiri.

Aligusa nukta ya kwanza, akatoka mama mjamzito, akaomba kiti.

"Gari limefika?"

"Bado, dada."

Kufikia alasiri ofisi ilikuwa imejaa. Fundi wa kompyuta aliongeza viti kutoka chumba cha mikutano. Mkuu wa kitengo akachungulia mlangoni.

"Ramani imejaa mno, wakubwa wataumwa macho. Waunganishe, kila mtaa duara moja."

"Nikiwaunganisha watakaa wapi?"

"Wabanane. Hata sisi tunabanana."

Wenzake walipoondoka, mchoraji aliigusa nukta moja ya mtaa wake, ambayo alikuwa ameikwepa kutwa nzima. Mume wake akatoka na ndala, shati limefungwa kifungo kimoja. Akamtazama.

"Umekonda."

"Kupika chakula cha mtu mmoja kunachosha."

"Lile gari lilikwama wapi?"

"Halikuwahi kutoka. Lilikuwa moja, na lilikuwa bovu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa dukani kwamba mkate umekwisha. Mkewe akamwegemea begani. Bega lilikuwa na joto la kawaida. Lakini kila honi ilipolia nje, mume aliinuka, na mke akabaki ameegemea hewa.

Aliwaunganisha, kama alivyoagizwa. Siku ya maonyesho wakubwa walikuza maduara kwa vidole, wakayapunguza, wakacheka kwa raha. Mmoja aliuliza kama nyekundu ingeweza kuwa kijani. Wakaidhinisha kioo kikubwa zaidi. Kuhusu magari hakuna aliyeuliza.

Tangu hapo, kila akimaliza kazi, mchoraji huligusa duara la mtaa wake. Mume wake hutoka akiwa amebanana kwenye kiti kimoja na jirani yao, mzee fundi viatu, ambaye naye alisubiri. Mzee ni mstaarabu. Hugeukia ukuta ili mtu na mkewe wazungumze.

"Kazi inaendaje?" mume huuliza, sikio lake likiwa barabarani.

"Inaenda," mke hujibu, na kumsogezea mzee mto wa kuegemea.