Fimbo Imeshika Ubao

Nilisikia kwamba Kibirizi kuna kipofu amekufa maji. Aliyeniambia ni jirani yangu Happiness, tukiwa tunageuza dagaa kwenye chanja hapa Katonga, na aliniambia kama mtu anayetaja bei ya chumvi, hata mkono haukusimama.

"Mtoto wa nani?" nikamuuliza.

"Sijui. Msichana tu. Wanasema kwao walimwachia fimbo atembee peke yake, akaenda nayo moja kwa moja mpaka ziwani."

"Wanasema akina nani?"

"Ewe Clementina, si watu! Mimi nimeyakuta kwenye bajaji."

Nilipaswa kuuliza jina la marehemu, na msiba uko nyumba gani. Sikuuliza. Nilimaliza kugeuza dagaa nikaondoka na lile neno, nikapika nalo, nikalala nalo, asubuhi nikaamka nalo limekaa hapa kifuani. Kwa sababu mimi nina binti asiyeona, na fimbo anayo.

Nawaandikia ninyi mama zangu na dada zangu wenye mtoto wa namna hiyo. Mimi niliishia darasa la saba, maneno ya kitaalamu sina. Nina yaliyonikuta.

Binti yangu ni Skolastika. Surua ilimchukua macho akiwa na miaka mitatu. Alisoma bweni, kwenye shule yenye walimu wa watoto wasioona, akajifunza kusoma yale maandishi ya nundu kwa kidole na kutembea na fimbo nyeupe. Aliporudi nyumbani akiwa na miaka ishirini, mimi nilishampangia akae ndani anichambulie mchele. Yeye akaenda kuomba kazi kwa Mzee Mwinshehe, mwenye mitumbwi na nyavu za dagaa.

Mzee alicheka. "Binti, nyavu zangu zimewashinda wenye macho mawili."

"Shikamoo mzee. Basi nipe huo uliowashinda."

Akampa, nadhani kwa utani. Skola akaupitisha ule wavu kwenye vidole pole pole, anaimba kwa pua. Kila penye tundu anasimama, anaziba kwa uzi, anaendelea. Jioni mzee akaukagua kwenye mwanga akakuta yamezibwa mpaka matundu ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameyaona. Toka siku ile Skola akawa na kigoda chake kwenye banda la mzee, na nyavu zilimsubiri yeye. Mwanangu alikuwa akirudi nyumbani ananuka ziwa na anacheka. Mimi sikuwa nimewahi kumwona anacheka hivyo.

Toka mlangoni kwetu mpaka bandani ni hatua mia tatu na kumi, alizihesabu. Halafu ziwa likajaa. Mnaokaa huku mnajua. Nyumba za mstari wa mbele zikaanguka, njia ya zamani ikaliwa, tofali na mabati yakabaki humo chini ya maji. Watu wakatandika mbao mbili juu ya mfereji uliochimbwa na maji hayo, na hiyo ndiyo ikawa njia.

Skola akaniomba nimpitishe asubuhi ya kwanza ili aijifunze. Mimi nikamkamata kifundo cha mkono nikaanza kwenda.

"Mama, mimi si mbuzi," akasema.

"Sasa nikupeleke vipi?"

"Nipe kiwiko chako nikishike mimi. Wewe tangulia nusu hatua, usiseme kitu. Mwili wako ukipanda nitajua, ukishuka nitajua."

Tukaenda hivyo. Njiani akanisimulia habari za mwalimu wao wa Kiingereza, Mwalimu Asnath, kwamba siku moja aliwafundisha Wazungu wana maneno mengi kwa jambo hili moja la kumwongoza mtu. Lipo la anayetangulia wengine wakamfuata. Lipo la anayekwenda sambamba nawe kwa sababu anaijua njia. Lipo la anayeshika usukani, na aliyebebwa hana la kusema. Na lipo la yule anayekaa pale pale alipo, akanyoosha kidole akasema nenda kule. Mwalimu akawaambia, ukiyachanganya hayo kwenye mtihani unakosa alama moja, ukiyachanganya barabarani unamwumiza mtu.

"Sasa mimi ni lipi?" nikamuuliza.

"Wewe mama una yote," akacheka. "Ila ulipendalo ni hilo la mwisho."

Nikacheka na mimi. Baada ya siku tatu alikuwa anapita kwenye mbao peke yake, fimbo mbele, akiufuata ukingo wa ubao kwa ncha yake, tik tik tik, kama walivyofundishwa. Mimi nilikuwa najua kwamba wamefundishwa hivyo. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilikuwa najua.

Ndipo Happiness akaja na lile neno la Kibirizi.

Kesho yake nikaanza kumfuata. Nakaa nyuma, napiga kelele: "Kulia! Simama! Jiwe hilo! Inua mguu!" Kila siku, kwenda na kurudi. Wapagazi wanaoshusha mizigo pale ziwani wakapata la kusema. "Skola, redio yako inakufuata!" "Mama, hebu tuwekee taarifa ya habari!" Skola alikuwa akiinamisha kichwa anapita.

Akaniambia kwa upole, tukiwa jikoni, "Mama, nikikusikiliza wewe siisikii fimbo."

"Mwenzio wa Kibirizi amekufa."

"Nani?"

"Msichana. Kama wewe."

"Anaitwa nani, mama?"

Nikakosa jina. Badala ya kunyamaza nikakasirika. Nikamwambia mimi ndiye niliyemzaa, na macho ya nyumba hii ni yangu. Akasema, "Ego, mama," ile ndiyo yetu ya Kiha, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Ilikuwa Jumanne, saa tisa mchana. Siku hiyo nilichelewa kwenye chanja, nikamkuta Skola ameshatoka bandani na ameingia kwenye mbao, anakuja upande wangu. Mimi niko ng'ambo ya huku, tumeelekeana. Niliona fimbo inatembea kwenye ukingo, na miguu yake iko karibu na fimbo. Nikaona maji. Nikaona yule msichana wa Kibirizi ambaye sikuwa nimewahi kumwona.

"Kushoto!" nikapiga kelele. "Sogea kushoto!"

Akasimama. "Mama, fimbo imeshika ubao. Kushoto hapa ni ukingo."

"Nakwambia kushoto!"

"Mama..."

"Unabishana na mtu mwenye macho? Kushoto, Skolastika!"

Kushoto niliyokuwa naitaka mimi ni ile ya mkono wangu. Kwake yeye ilikuwa kulia. Mtoto wa darasa la pili anaijua hiyo, watu wakielekeana. Skola alisimama kidogo, kama anapima amwamini nani. Kisha akaiinua fimbo kutoka kwenye ubao akaniamini mimi. Akasogea kushoto.

Mfereji haukuwa na kina, ulimfika kiunoni. Hakufa maji. Lakini alipoanguka alitanguliza mkono wa kulia, na chini kulikuwa na bati la nyumba iliyobomoka. Likapita kiganjani toka upande huu mpaka huu. Wapagazi wale wale wa redio ndio walioruka kumtoa, na hakuna aliyetania.

Hospitali walimshona vizuri, sina lawama. Daktari akaniita pembeni akasema kidonda kitapona ila mishipa ya fahamu imekatika, vidole vitatu huenda visihisi tena. Nikamwuliza visihisi nini. Akasema, "Chochote, mama."

Mwezi wa pili baada ya ajali Mzee Mwinshehe alikuja nyumbani na wavu begani. Hakusema pole ndefu. Akamwekea Skola mapajani, akasema, "Mwanangu, huu umewashinda wenzako."

Skola akaupitisha kwenye vidole. Hakuimba. Alifika penye tundu kubwa, mimi nilikuwa naona maua ya kitenge chake kupitia tundu lile, na vidole vikapita juu yake vikaendelea. Alipofika mwisho akaukunja.

"Mzee, huu ni mzima. Hauna tundu."

Mzee akanitazama. Mimi nikatazama chini. Akamwambia Skola, "Haya, mwanangu, asante," akauchukua, akaenda nje, na nilimwona amesimama kwenye kona ya nyumba ameufunika uso kwa ule wavu.

Watu wananiambia mkono wa kushoto upo, utajifunza. Huenda. Kitabu chake cha nundu kiko kwenye sanduku, hajakigusa. Na si hilo linaloninyima usingizi. Kinachoninyima ni kwamba habishani tena. Binti aliyekuwa akizihesabu hatua zake mwenyewe sasa anasimama katikati ya chumba chetu, chumba alichokulia, anauliza, "Mama, niende wapi?" Nikimwambia akae, anakaa. Nikisahau kumwambia ainuke, hainuki.

Yule kipofu wa Kibirizi, Happiness alikuja kuniambia baadaye, akiwa analia. Hakuwa kipofu. Hakuwa msichana. Alikuwa mwanamume mlevi mwenye macho yake mawili, aliteleza kwenye mtumbwi, wakamvuta, akaenda kwake kulala.

Basi, wenzangu, haya ndiyo ya kuepuka. Yabandikeni mlangoni.

Usimkamate mkono ukamvuta. Mpe kiwiko akishike yeye.

Usimsukume kwa nyuma.

Usipige kelele ukiwa mbali. Kama kuna hatari, nenda uliko mguu wake.

Usiseme kushoto wala kulia mkiwa mmeelekeana.

Usimhamishie vitu ndani bila kumwambia.

Usiibebe habari ya kifo mpaka nyumbani kabla hujauliza jina la aliyekufa.

Usitumie uzazi wako kushinda ubishi.

Na akikwambia fimbo imeshika ubao, nyamaza.