Kifaranga Aliyevuka Daraja Lililovunjika

Mimi ni mwalimu, na kosa likipita mbele yangu siliachi. Ndiyo maana ile katuni ilinichefua kabla haijafika katikati.

Ilikuwa mwaka 1993, ukumbi wa kanisa, Bweranyange. Mchungaji alikuwa ameazima televisheni, deki na jenereta, na madirisha yamezibwa kwa mablanketi mchana kweupe. Kumbe mkanda wenyewe ni katuni ileile niliyoiona humo humo mwaka 1979, nikiwa na miaka minane, mzungu wa misheni alipotundika shuka na kuwasha projekta: kifaranga wa bata anamtafuta mama yake. Niliketi kati ya binti yangu Placidia na baba yangu, mzee Kashaija.

Makosa yalikuwa tele. Mafuriko yanavunja daraja, mara kifaranga yuko ng'ambo, mkavu kama unga. Amevukaje? Kofia ya sungura mara nyekundu, mara ya bluu. Na mama bata, akishachukuliwa na maji, haonekani tena. Kifaranga anapokewa na bata wengine, wanaimba, imekwisha. Hakuna hata mmoja anayemuulizia mama.

Mbona utotoni sikuyaona? Kwa sababu ya baba. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, naye, mhudumu wa kanisa, alisimama kando ya shuka na fimbo akitutafsiria kwa Kinyambo. Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, lakini nani angejua? Alisema kifaranga alivushwa na mama mmoja ndani ya mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe, na kanisa zima likaitikia. Kisha akanitazama mimi.

"Mama bata yuko ng'ambo," alisema. "Daraja likitengenezwa, atarudi."

Mama yangu alikuwa amevuka daraja la Kyaka kwenda kumuuguza dada yake, vita vikaanza, daraja likavunjwa. Hatukutandika nyasi za msiba nyumbani, hatukukaa matanga. Daraja lilipotengenezwa nilishinda barabarani wiki tatu, nikisimama kila gari lilipotimua vumbi. Baada ya hapo sikumwita tena baba yangu Tata, kama Wanyambo tunavyoita baba. Nilimpa shikamoo yake, basi. Nilimchukia kwa ahadi ile, nasema kweli.

Sasa Placidia alimvuta mkono. "Babu, mama yake yuko wapi?"

Nilisubiri. Nilijisemea, hebu aongeze uongo mwingine nimsikie.

Baba aliwatazama bata wakiimba. "Amekufa, mjukuu wangu," alisema. "Alikufa siku ileile daraja lilipovunjika. Mtu aliyemzika alikuja akaniambia."

"Sasa kwa nini hawakumwambia kifaranga?"

"Alikuwa mdogo. Kila siku nilisema nitamwambia kesho. Akakua, nikamwogopa."

Mchungaji alizima televisheni, watoto wakakimbilia mlangoni. Hasira yangu ya miaka kumi na minne niliitafuta nisiione. Palikuwa na huzuni tu, na mzee aliyekodolea macho kioo cheusi kwa kuwa hakuthubutu kunitazama. Nililia mbele ya wanafunzi wangu bila aibu. Kisha nikamshika mkono kumwinua.

"Tata," nilimwita, "twende nyumbani tukatandike nyasi."