Karibu na Mashine ya Kusaga

Uongo wenyewe ulianza kwa huruma, na huruma ya yule karani wa zahanati haikuwa na breki. Zahanati yao ilihudumia mtaa wa juu tu. Watu wa bondeni walitakiwa kwenda kituo kingine, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Siku shangazi yake alipopanda kutoka bondeni akitetemeka kwa homa, karani alimwinamia dirishani akamnong'oneza, "Ukiulizwa unakaa wapi, sema karibu na mashine ya kusaga."

Shangazi akatibiwa. Wiki iliyofuata akaleta jirani, jirani naye akaleta jirani yake. Miaka sita baadaye nusu ya bondeni ilikuwa imehamia kwenye mashine ya kusaga, daftarini, bila kubeba hata kijiko. Karani aliwaandika wote na roho yake kwatu.

Kisha ikaja kozi ya ramani za afya, ya kusomea mtandaoni. Karani aliifuata kila mapumziko ya mchana kwenye kompyuta ya ofisi, chai ikipoa pembeni. Somo la tatu lilihusu kuhakiki takwimu: nani aliuliza, aliuliza nini, alijibiwa nini. Aliliruka. Daftari ameliandika kwa mkono wake mwenyewe, ahakiki nini tena? Yeye alikuwa na hamu ya somo la tano, lenye rangi.

Mwezi ule kuhara kukaingia, na zoezi la mwisho likataka takwimu za kweli. Karani aliingiza wagonjwa arobaini na mmoja, akabonyeza, na doa jekundu likatokea penye mashine, juu kabisa ya bomba la maji lililo pale. Aliyatazama majina, akamwona jirani wa shangazi yake, akamwona na mwingine. Alijua, kwa kitambo kidogo, kwamba kuna jambo haliko sawa. Lakini zoezi lilitakiwa Ijumaa, na ramani ilipendeza. Akapata tisini na sita kwa mia.

"Dada wewe, umetuzidi sote!" alisema bwana afya alipoiona. "Kumbe tuna mtaalamu humu ndani, sisi tunamtuma mafaili!"

Karani akavimba kichwa. Kesho yake bomba la mashine likafungwa kwa mnyororo, na wote waliokuwa wakichota pale wakateremka kwenye kisima cha bondeni. Hata shangazi, ambaye kila asubuhi alikuwa akipanda na ndoo yake kwa sababu maji ya kisima hakuyaamini, sasa hakuwa na pengine pa kwenda. Na ugonjwa ulikuwa kisimani tangu mwanzo.

Siku ya tano foleni ilifika barabarani. Karani aliandika bila kuinua kichwa. Toroli likasimama dirishani.

"Unakaa wapi?" aliuliza kwa mazoea.

"Karibu na mashine, mwanangu," sauti ilijibu, nyembamba. "Sijasahau."

Aliinua kichwa. Alimtazama shangazi yake, macho yamezama, midomo imekauka, akakimbia hadi ofisi ya bwana afya.

"Fungua bomba! Funga kisima! Wagonjwa ni wa bondeni, karibu wote. Mimi ndiye niliyewahamisha."

Bwana afya aliuchukua ufunguo wa mnyororo. "Na siku ile nakusifu, hukusema?"

Mnyororo ulihamishiwa kisimani siku hiyo hiyo, na wagonjwa wakaanza kupungua. Shangazi aliwekewa maji ya mshipa, lakini alikuwa amechelewa kuletwa. Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri.

Msibani watu walimshika mkono mmoja mmoja. "Pole sana. Ulimsaidia sana shangazi yako." Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na yeye aliambiwa pole mchana kutwa. Angetamani mtu mmoja tu amtukane.

Aliporudi kazini alikuta cheti chake kimefika kwa barua pepe. Hakukifungua. Alifuta zile nukta arobaini na moja, akaanza upya na nukta moja mpya, ya shangazi, bondeni, mlango wa pili kutoka kisimani. Kisha akarudi kwenye somo la tatu, lile aliloliruka.

Lilikuwa la dakika kumi na moja.