Hesabu Iliyokwama Puani

Kiharusi kilipompiga Zedekiah, kilimfagilia lugha zote kikamwachia moja tu, tena ile isiyo na kazi hata chembe pale Uthiru. Kimaragoli cha mama yake kilikwenda. Kiswahili kikafuata. Kiingereza cha seminari, kile alichokuwa akikivalia tai, nacho kikaenda. Kilichobaki ni Kimaruwo, lugha ya kijiji kimoja cha milimani huko Papua, ambako kanisa lilimtuma ujanani kwenda kuitafutia herufi.

Lornah mkewe hakuwahi kufika huko. Alibaki Nairobi akisuka watu nywele Kenyatta Market na kumlea binti yao Mercyline, na mumewe akija likizo alimletea maneno badala ya zawadi. "Sikia hii," angemwambia, halafu anaikata pumzi kooni kama mtu aliyekwamwa na mfupa, kumbe hiyo ni konsonanti. Watu wale hawana s, hawana f. Kitenzi chao hukaa mwisho kabisa wa sentensi, ukiwa umeshachoka kukisubiri, na mkia wake ndio unaokwambia nani katenda, na kama ni leo, jana au zamani za mababu. Lornah alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamwomba safari ijayo alete kitambaa.

Matunda ya miaka yote ile yalikuwa kitabu kimoja cha kufundishia kusoma, Kimaruwo kitupu toka jalada hadi jalada. Kilichapwa River Road kwa Abdulfatah, aliyelalamika kwamba lugha gani hii inanyunyiziwa q kama chumvi. Hiyo q ndiyo ilikuwa ile pumzi ya kukatwa. Kilipokuwa tayari, watoto wa Maruwo walikuwa wameshahamia lugha ya sokoni, na maboksi yakabaki chini ya kitanda Uthiru. Lornah aliweza kukisoma kwa sauti, neno baada ya neno, bila kujua anasoma nini.

Sasa alitaka jambo moja tu: ajue mumewe anaomba nini kabla hajafa. Daktari alishamwambia kiharusi cha pili hakiko mbali. Na Zedekiah alikuwa akiomba kitu, hilo lilikuwa wazi. Kila asubuhi, kwa mkono wa kushoto uliobaki mzima, aligusa kidole kidogo cha mkono wa kulia uliokufa na kutaja neno. Akagusa kinachofuata, neno jingine. Kiganja, kiwiko, bega, sikio, jicho. Akifika puani alikwama. Alinguruma, akajipiga ngumi ya pua, akaanza upya.

"Ni uchungu," Lornah alimwambia Mercyline. "Anatuonyesha mahali inamuuma."

"Hata pua, mum?"

"Pua pia inaweza uma."

Akamkanda kwa mafuta ya moto, akanunua vidonge. Vidonge vilimlaza Zedekiah mchana kutwa, na Lornah akamshukuru Mungu.

Mercyline ndiye aliyepata katika simu ya baba yake namba ya Kepas, mjukuu wa mzee aliyemfundisha Zedekiah lugha. Walimpigia kwa video. Kijana alikuwa juu ya kilima akitafuta mtandao, na walizungumza kwa Kiingereza. Lornah alimgeuzia simu mgonjwa, aliyekuwa ameanza tena na kidole kidogo. Kepas alitazama kidogo, akacheka kwa furaha.

"Mama, huyo haumwi. Anahesabu! Babu alikuwa anahesabu hivyo hivyo, kwa mwili. Akifika puani anavuka, anashuka upande wa pili kwa mkono wa pili. Akimaliza anasema alichokuwa anahesabu, na aliye naye anamjibu."

"Anajibu aje?"

Kepas aliacha kucheka. "Sijui, Mama. Sisi tunahesabu kwa Kiingereza. Babu alikufa."

Lornah alivitupa vile vidonge kwa hasira, hasira yake mwenyewe juu yake mwenyewe. Alikuwa amemlevya mume wake kwa sababu anahesabu.

Kesho yake aliketi kitandani, Mercyline akashika simu ya kurekodi. Zedekiah alipofika puani, Lornah aliunyanyua ule mkono uliokufa, mzito kama gunia, akaupeleka hadi jicho la kushoto. Zedekiah akamtazama. Tangu augue hakuwa amemtazama hivyo. Akataja neno. Wakaenda sikioni, begani, kiwikoni, wote wawili wakihema, mpaka kidole kidogo cha mwisho. Hapo akasema neno moja refu, lenye pumzi iliyokatwa katikati, akasubiri jibu.

Walimtumia Kepas sauti ile palepale. Jibu lilichukua muda, na muda wote huo Zedekiah hakubandua macho.

"Pole, Mama," lilisema. "Mama yangu anakumbuka nyanya yake akilisema. Hajui maana yake. Nimeuliza kijiji kizima."

Lornah akamgeukia mumewe. Alijitengenezea tabasamu.

"Ndiyo, Baba Mercyline," alisema. "Zote ziko. Hakuna imepotea."

Zedekiah aliusoma uso wake. Ujana wake wote aliumaliza akitazama nyuso za watu, apate kujua nani ameelewa na nani anamridhisha tu mgeni. Uso wa namna hiyo haukuhitaji lugha. Kwa mkono wa kushoto aliutoa taratibu ule uliokufa mikononi mwa mkewe, akauficha chini ya blanketi.

Hakuhesabu tena. Asubuhi iliyofuata Lornah mwenyewe alikichukua kidole cha mkono wa kushoto wa mumewe akakiweka mahali pa kuanzia, kikateleza. Neno nalo halikumtoka tena, la Kimaruwo wala la lugha yoyote.

"Angalau ametulia," Mercyline alisema.

Lornah alivuta boksi chini ya kitanda, akatoa kitabu, akaanza kumsomea ukurasa wa kwanza kwa sauti. Ile pumzi aliikata kooni sawasawa, kila penye q, kama mumewe alivyotaka kumfundisha zamani. Zedekiah alikuwa amegeukia ukutani.