Aliyeandikwa Mmoja

"Andika mimi tu," alisema yule mama, akaangalia pembeni.

Nilikuwa karani wa kuandikisha wakimbizi, na nilikuwa nimemuuliza kwa Kiswahili cha ofisini, "Mko wangapi?" Nyuma yake foleni ilifika hadi bombani, na huko bintiye Adeng, wa miaka kumi, alikuwa akijaza dumu la maji. Nikaandika "one", nikamwita anayefuata. Ndivyo Ayak, aliyevuka mpaka kutoka Sudan Kusini akimshika mwanawe mkono, alivyopewa kadi ya chakula ya saizi wani, kama wanavyoitwa pale kambini Kakuma watu wasio na mtu.

Na nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Mimi ni Mturkana. Bibi yangu alikuwa akitupiga vidole tukihesabu watu waliokaa kula, kwa kuwa kumhesabu mtoto ni kukiita kifo kije kumchukua. Mzazi humuulizi idadi. Unamuuliza majina, naye atakutajia wote mpaka uchoke. Ayak alipoangalia pembeni nilitambua ni yale yale, kwamba ana mtoto asiyetaka kumhesabu. Lakini nilikuwa na feni juu ya kichwa, beji shingoni na Kiingereza changu cha Lodwar, nikajiona nimeshahitimu kwa bibi.

Kesho yake shangazi yake Adeng alimwandikisha mtoto kwenye kadi yake ili apate chakula. Kwa miaka minne hapakuwa na shida. Walilala chini ya bati moja kule Kalobeyei, makazi ya wakimbizi jirani na Kakuma; nani angejali kadi? Kisha kadi ya shangazi ikaitwa kuhamia Australia, pamoja na wote walioandikwa humo, na Ayak akaja mezani kwangu.

"Madam, ile siku mtoto alikuwa kwa maji," alisema polepole. "Mtoto hahesabiwi, wewe unajua. Sema tu ni wangu, tusitenganishwe."

Wakubwa walinitaka niandike maelezo: siku ile mama alijibu nini? Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Nikaandika kwamba mama alisema ni yeye tu. Hakukuwa na uongo hata wa herufi moja, na sijawahi kuandika jambo baya kuliko hilo. Ayak mwenyewe ndiye aliyemfungia Adeng begi la kwenda na shangazi. Afadhali mtoto asome, aliwaambia majirani. Mimi nikaongezewa mwaka mmoja, halafu hawakuniita tena.

Sasa nafundisha Kiingereza Lodwar. Nimepanga chumba, na ukisikia sauti humo, ujue ni redio. Mwezi uliopita, nikitayarisha somo la nambari, nilifungua kamusi kubwa ya shule. Nilidhani "one" ni neno la kuanzia kuhesabu, basi. Kumbe lina ukoo. Zamani lilikuwa "an", na kile kijineno "a" tunachowafundisha watoto wadogo ni lenyewe, limechakaa tu kwa kutumiwa. "Only" limetoka humo. "Alone" nalo ni maneno mawili yaliyogandana, "all" na "one": mmoja mtupu, mmoja mzima, hana mwenzake. Nilikaa na ukurasa ule mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nimempa mtu neno lile lote, pamoja na ukoo wake. Jumamosi nikapanda gari la Kakuma.

Ayak alinipa kiti, akanimiminia chai. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nimeyakariri njia nzima, lakini yeye akawahi kutoa simu.

"Umekuja vizuri," akasema. "Adeng anatuma sauti kwa simu, lakini Kidinka inampotea. Hapa mwisho ameongea Kiingereza. Sikiliza."

Ilikuwa sauti ya msichana mkubwa, nzito kidogo, kama ya mtu aliyetoka kulia. Nikasikia "alone" mara mbili.

"Anasema nini?"

Ningeweza kusema hajambo, anakusalimu. Ilikuwa rahisi mno.

"Anasema yuko peke yake, mama. Shangazi amehamia mji mwingine kufuata kazi. Anauliza kwa nini ulimwacha aende bila wewe."

Ayak hakushtuka.

"Ile karatasi uliyoandika walinisomea," akasema. "Nilijua ni wewe. Lakini mtoto hajui."

Akabonyeza simu ianze kurekodi, akainyoosha mpaka mdomoni pangu.

"Mwambie wewe kwa nini. Kwa Kiingereza, asikie vizuri."

Nikalitaja jina la Adeng, kisha nikalitaja langu.