Kijiti Kikavu

Shemeji yangu, mume wa dada, watu walimwita Manati, kwa sababu akirusha mshipi kutoka ufukweni unaruka mawimbi matatu ndipo utumbukie. Mimi ni fundi cherehani. Nikirusha mimi, chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, huanguka hapo hapo, na yeye huuliza kama nimewakusudia samaki au vidole vyangu vya miguu. Nilichukia utani huo, na kila Jumapili nilikwenda tena.

Ulikuwa mwisho wa msimu. Joto lilianza kupungua na kolekole wakubwa walikuwa wamesogea hadi pale mawimbi yanapovunjika. Mbele ya ufuko wetu kuna fungu la mchanga, na kati yake na nchi kavu kuna mfereji. Maji yakipwa unauvuka, yanakufika magotini tu, kisha unasimama juu ya fungu na kurusha. Hatari yake ni kwamba maji yakianza kujaa, mfereji hujaa nyuma ya mgongo wako wakati wewe juu ya fungu umeloa vifundo tu. Ndiyo maana huchomekwa kijiti chekundu ufukweni. Shemeji alikipima mwenyewe kwa kuvuka na kurudi: maji yakigusa kijiti, mfereji umefika kiunoni, basi acha hata samaki wa dhahabu urudi. Kijiti hakiguswi na mtu.

Mimi nilikigusa. Fimbo yangu ya kuvulia ilikuwa inaanguka kila nikiiegemeza, nikaona kijiti kimesimama tu. Nikaking'oa, nikakichomeka karibu yangu, nikaifunga fimbo hapo kwa kamba na kula mkate wangu kwa raha zangu. Baadaye nikakirudisha. Shimo lake lilikuwa limejifuta, nikakadiria kwa jicho. Dukani hujisifu kwamba sihitaji futi. Mteja akiingia tu mlangoni, kiuno chake ninacho.

Saa tisa hivi, kule juu ya fungu, fimbo ya shemeji ilipinda. Hata kutoka nilipokaa niliona ni samaki wa kusimuliwa. Alicheka peke yake, akimlegezea mshipi, akimvuta, akimlegezea tena. Nikatazama mfereji nione atakapovukia naye. Ndoo ya chambo tuliyoiacha juu ya jiwe ukingoni ilikuwa inaelea. Nikageukia kijiti. Kilikuwa kikavu, na povu lilikuwa bado hatua nne chini yake.

"Shemeji! Toka! Maji!"

Aligeuka. Alichotazama ni kijiti, si mimi. Akakinyooshea kidole.

"Kikavu hicho, fundi! Mwenye macho haambiwi tazama!"

"Nilikihamisha! Mimi nilikihamisha!"

Wimbi likavunjika katikati yetu. Akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa, akacheka. Sikumlaumu. Miaka yote kila wingu nililoliona niliita dhoruba, naye hunijibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko. Methali hiyo ina nusu ya pili, lakini hakuwa na desturi ya kuimalizia.

Nikakimbia, nikaking'oa kijiti, nikakipunga juu kwa mikono miwili. Hapo akaelewa. Alikata mshipi kwa kisu bila hata kumwangalia samaki akienda, akaingia mferejini. Hatua ya tatu maji yalimfika kifuani na mkondo ukamzungusha. Akajikokota akarudi juu ya fungu, na juu ya fungu sasa maji yalikuwa mapajani. Mimi sijui kuogelea. Ufuko mzima tulikuwa wawili.

"Nirushie mshipi!" akaita. "Nitajifunga, univute!"

Nikarusha. Chubwi ikaanguka karibu yangu. Nikavuta, nikarusha tena, karibu vilevile. Nikalia kama mtoto.

"Tulia, kaka," akasema. Hakuwa amewahi kuniita kaka. "Mkono nyuma kabisa. Usitazame maji. Nitazame mimi."

Nilimtazama yeye, nikarusha. Ilikwenda mbali kuliko nilivyowahi kurusha maishani, ikaanguka kushoto kwake, zaidi kidogo ya urefu wa mkono. Akaifuata. Wimbi lililokuja nyuma yake yeye hakuliona, nililiona mimi.

Watu wa mashua walimpata jioni, kule mkondo unakotokezea baharini.

Usiku ule nyumba ilijaa waombolezaji, na wote walisema neno moja: Manati alikuwa mbishi, hata kijiti hakukiangalia. Dada aliniita chumbani kwao, akanishika mikono. "Afadhali ulikuwepo," akasema. "Angekufa peke yake."

Sikuweza kulibeba hilo. Nikamwambia yote, fimbo, mkate na jicho langu la kifundi. Nikamwambia kwamba mume wake alikiangalia kijiti mpaka mwisho. Aliniachia mikono taratibu.

"Ulikisogeza kiasi gani?"

"Kama hatua nne."

Alisimama mlangoni, akaanza kutembea akihesabu kwa sauti ndogo. Ya nne ilimfikisha kitandani, upande aliokuwa analala shemeji. Akaketi hapo, akageuka akautazama mlango, na mimi nikiwa bado nimesimama katikati sikujua nitoke au nibaki.